Kopo la Nne na Kopo la Sita

Jumatatu, tarehe 2, mwezi wa tatu

Daftari hili nimepewa kliniki niandike presha kila asubuhi. Leo ni mia na sitini na nane juu ya tisini na tisa. Nesi akasema niongeze maelezo kidogo, kama nimelala vizuri, kama nimekasirika. Nikamwambia hasira zangu hazitaenea humu, atafute daftari nene. Akacheka akanipa hilohilo.

Basi nitaandika. Shuleni niliishia darasa la pili, niliondoka kwa miguu yangu, hakuna aliyenifukuza. Lakini hao waliosoma walikaa gizani miaka ishirini na sita wakinisubiri mimi niwashe mashine. Mimi ndiye niliyeendesha mashine ya sinema ya mji huu. Jina nililopewa na mama limesahaulika, wote wananiita Mashine. Ukumbi wenyewe siku hizi ni ghala la saruji.

Jumanne, tarehe 3

Presha vilevile. Mawingu, mvua hakuna. Mke wa mwanangu, ambaye ninakaa kwao, amepunguza chumvi tena. Chakula kama kadibodi.

Ijumaa, tarehe 6

Kwa kinyozi kuna habari. Ile filamu yetu, Mgodi wa Chumvi, imetengenezwa upya, na wiki ijayo itaonyeshwa kwenye lile jengo jipya la maduka, ghorofa ya tatu.

"Mzee Mashine," kinyozi akasema, "wamekuchukulia mke."

"Wamechukua jina. Mke hawamuwezi."

Nesi ni mtoto, hakuiona, namwandikia ajue. Ni habari ya ndugu wawili wachimba chumvi wanaomtoroka tajiri wao. Mkubwa tulimwita Ngumi Moja, kwa sababu lugha yao hatukujua hata neno. Darajani gari linapinduka, mguu wa mdogo unabanwa, maadui wanakuja, na Ngumi Moja anamwacha pale. Anaondoka bila kugeuka. Ukumbi mzima ulikuwa unazomea. Kisha anapigana peke yake na watu arobaini. Kisha, na hapa ndipo penyewe, anarudi. Anaingia mgodini maji yakiwa kifuani, anamtoa mdogo wake kwa kumbeba mgongoni, wanakaa juu ya paa la ghala la chumvi wanacheka mpaka mkanda unakwisha.

Mwenye ukumbi aliinunua moja kwa moja, haikurudi ilikotoka. Nimeionyesha mara mia tatu na zaidi. Watu walitoka wakilia. Kuna ndugu wawili walikuwa na kesi ya shamba, walifutiana kesi palepale mlangoni. Hiyo ni kazi ya mkono wangu.

Jumatatu, tarehe 9

Presha mia na themanini, na sababu ninayo. Alikuja binti wa mdogo wangu, mwalimu wa watoto wadogo. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba."

"Baba amelazwa. Ini. Wamesema tujiandae."

Akaongeza, "Anakuulizia."

"Ananiulizia nini? Miaka thelathini na moja hakuniulizia."

"Wewe ulimwambia hana kaka."

Nilimwambia, ni kweli. Mdogo wangu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Siku moja alirudi safari, akasimama mlangoni mwa ukumbi, watu wamejaa, akasema kwa sauti: hii filamu nimeiona mji mwingine, kaka anaionyesha kinyume, yule mkubwa anamwokoa mdogo kwanza, halafu mwishoni ndipo anamwacha. Mbele ya watu wote. Nilimpiga kofi. Watu wakacheka, wakamwita Mzushi, na jina likamkaa. Mpaka leo ukimtafuta kwa jina lake hakuna atakayekuonyesha nyumba. Uliza kwa Mzushi, hata watoto watakupeleka.

Nikamwambia binti, "Akitaka kuonana na mimi aanze kwa kuomba radhi."

"Hawezi hata kukaa, baba mkubwa."

"Mdomo unao uwezo."

Akainuka, akaaga kwa heshima zote. Adabu yake iliniuma kuliko tusi.

Jumanne, tarehe 10

Mvua imeanza saa tisa alasiri.

Jumatano, tarehe 11

Mvua.

Jumamosi, tarehe 14

Leo kinyozi na mimi tumekwenda kuiona hiyo mpya. Nilivaa koti.

Naandika yote, maana nitaulizwa. Kwanza viti vinalala, watu wazima wamelala kama wagonjwa. Pili, mashine haina mtu. Nilitazama nyuma, kuna kitundu, na ndani ya kitundu hakuna binadamu. Picha haikatiki, haiungui, haina wa kumzomea.

Ngumi Moja wao ana meno ya tangazo la dawa ya meno. Mchimba chumvi gani ana meno yale? Yule wetu midomo ilikuwa imepasuka. Vita vya watu arobaini, zamani vilikuwa kipande kimoja, kamera imesimama, unawahesabu, unamwona yule wa kumi na tisa anateleza kweli na kuinuka na kuendelea kupigana, hakuna aliyemkata. Hawa wamekatakata kama vitunguu. Ngumi inatoka chumba hiki inafika chumba kingine, huoni imempiga nani. Mvua yao hailowanishi nywele. Maji ya mgodini ni ya kompyuta, kinyozi amesema, na mimi nilijua kabla hajasema, maji ya kweli humfanya mtu apumue kwa kukatika. Na yule mdogo wamempa maneno, anatania mpaka amezama shingoni.

Nilikuwa nacheka. Nilimwambia kinyozi mara tatu, unaona, unaona.

Halafu nikaanza kutocheka. Maji ya mgodini yalikuja mapema. Akamtoa mdogo wake, wakakaa juu ya paa, wakacheka, nikataka kuvaa koti niondoke. Kinyozi akasema, "Kaa mzee, bado." Vikaja vita. Ndipo likaja daraja. Gari likapinduka. Na hapa lazima niandike jambo ambalo kwenye yetu halikuwepo: wamemwonyesha uso yule mdogo. Hakuongea. Utani wote uliisha. Kamera ilimtazama akimtazama kaka yake anavyokuwa mdogo, mdogo, mpaka akawa nukta. Kisha giza na majina.

Kinyozi alikohoa. "Kumbe," akasema.

"Kumbe nini? Wameiharibu. Wamepindua."

"Ndiyo hivyo mzee, wameipindua," akasema, lakini hakunitazama.

Jumapili, tarehe 15

Sikulala vizuri. Nesi ndivyo anavyotaka kujua, basi ajue.

Jumatano, tarehe 18

Nilikwenda kwa kinyozi kuwaeleza watu jinsi hawa wa siku hizi walivyoiharibu Mgodi wa Chumvi. Nilieleza vizuri. Fundi simu wa kibanda cha pili alikuwa ananyolewa, akasema ile ya zamani nayo ipo kwenye simu, nzima. Akaitafuta na povu shingoni.

Nikamwambia sogeza mwisho. Akasogeza. Daraja. Ngumi Moja wetu, midomo imepasuka, koti lake lilelile, anaondoka bila kugeuka. Kisha maandishi yao, kisha muziki ambao mimi katika miaka yote sikuwahi kuusikia. Mkanda wetu ulikuwa umekatika kichwa na mkia, ulizunguka kumbi ishirini kabla ya kufika kwangu.

"Hiyo imechezewa," nikasema. "Vitu vya simu vinachezewa."

Hakuna aliyebisha. Wanaume sita ndani ya chumba kimoja na hakuna aliyebisha. Kinyozi akawasha mashine yake ya kunyolea, ikavuma, nikapata nafasi ya kutoka.

Alhamisi, tarehe 19

Ukurasa huu nesi asiusome.

Ninalo kopo moja la filamu ile, natunzia misumari. Jana nililishusha, nikalipangusa. Juu yake pana kijiti na kile kidude chenye panda kama manati. Kijiti kwanza, panda baadaye. Nikamwita mkwe wangu, yeye amesoma.

"Mwanangu, hii ni namba gani?"

"Nne ya Kirumi, baba."

"Ni sita."

"Sita kijiti kinakaa baada, baba. Hiyo ni nne."

Nikamwambia mimi namba hizi nilijifunza mwenyewe, bila mwalimu, kwenye saa kubwa ya ukutani pale ukumbini. Makopo ya filamu nyingine yote yaliandikwa namba za kawaida, ya hii tu ndiyo yaliyokuja na vijiti, na mwenye ukumbi hakuwa na haja ya kuniambia, nilikwenda mwenyewe chini ya saa nikasoma. Nne ya saa ile ilikuwa vijiti vinne vimesimama. Sita ilikuwa kijiti, halafu panda.

Akaniambia, "Nichoree hiyo saa."

Nikamchorea. Mkono haujasahau. Namba zote za saa ile zilielekeza miguu katikati, kwa hiyo zile za chini zilisimama kwa vichwa. Mkwe wangu akaitazama sita yangu, kisha akaigeuza karatasi taratibu, juu ikawa chini. Kijiti kikahamia upande wa pili.

"Ulikuwa unaisoma kichwa chini, baba," akasema. Alisema polepole kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kopo la nne, ambamo anamwokoa, niliona kijiti kwanza nikaliita sita. Lililobaki nikaliita nne, ingekuwa nini tena. La tano lilikaa mahali pake. Mashine ilikuwa moja, kila mkanda ukiisha taa zinawaka, watu wanatoka kununua karanga, wanarudi, wanakaa, hakuna aliyejua kwamba nimewapindua. Mara mia tatu. Wale ndugu wa shamba walifutiana kesi kwa sababu ya saa ya ukutani.

Na mdogo wangu nilimpiga kofi.

Ijumaa, tarehe 20

Mvua. Siku ya kwenda hospitali si leo, barabara ya bondeni imejaa maji.

Jumamosi, tarehe 21

Maji yamepungua kidogo, wanasema. Wanasema tu.

Jumatatu, tarehe 23

Mguu unauma.

Jumanne, tarehe 24

Binti alipiga simu. "Anauliza kila mlango ukifunguka kama ni wewe." Nikamwambia mvua. Akasema, "Sawa, baba mkubwa. Mvua."

Jumatano, tarehe 25

Nimejizoeza maneno. Ni machache: nilikosea kopo, wewe ulisema kweli. Mtu hawezi kushindwa na maneno hayo. Mimi nimewahi kuwatuliza watu mia nne mkanda ulipoungua.

Nimejizoeza nikiwa chooni, mkwe asisikie.

Ijumaa, tarehe 27

Nimekwenda. Maji ya bondeni yalifika magotini, nikavua viatu.

Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Nilimpita mara ya kwanza, sikumjua. Amekuwa wa njano mpaka machoni. Tumbo limejaa, mikono imekwisha. Aliponiona alijaribu kujivuta akae, nikamzuia kwa kiganja kifuani, na kifua chenyewe kilikuwa kama kitenga.

"Umekuja, kaka."

"Nimekuja. Barabara mbaya."

"Umenenepa."

"Wewe umekwisha."

"Nimekwisha kweli," akasema, akacheka, kicheko kikawa kikohozi. Nikamshikia kikombe. Tukakaa. Mgonjwa wa jirani alikuwa na redio ndogo inayokoroma tu.

"Nasikia wameitengeneza upya," akasema.

"Wameitengeneza."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Inaishaje?"

Maneno yangu nilikuwa nayo. Nimeyabeba kuvuka bonde zima. Nikafungua mdomo, na mdomo ukasema, "Anarudi. Anamtoa majini, wanakaa juu ya paa."

Alitazama dari. "Juu ya paa."

"Ndiyo."

"Wanacheka?"

"Wanacheka."

"Basi ni mimi niliyekosea," akasema. "Labda kule nilikoiona ndiko walikochanganya. Nilikuwa nimeshinda barabarani siku tatu bila usingizi. Nisamehe, kaka. Nilikuaibisha mbele ya watu."

Akaninyooshea mkono. Nikaupokea. Nikasema, "Yamepita."

Naliandika hilo kwa mkono wangu. Nilisema yamepita, kama mtu anayesamehe.

Jumamosi, tarehe 28

Tangu jana najiuliza. Mtu anayekufa, umwambie kwamba mkubwa anamwacha mdogo darajani? Hiyo ndiyo sababu, nilijiambia, nilimhurumia. Lakini sababu hiyo niliipata nikiwa nimeshafika kwenye geti, natoka. Uongo ulitoka kabla yake.

Nitarudi Jumatatu nimwambie.

Jumapili, tarehe 29

Amefariki alfajiri.

Jumanne, tarehe 31

Tumezika. Shimo lilikuwa na maji, wakayachota kwa ndoo, yakarudi, wakayachota. Mtu mmoja nyuma yangu aliuliza, anazikwa nani, akajibiwa, Mzushi. Hakukuwa na ubaya katika sauti yake.

Jumatano, tarehe 1, mwezi wa nne

Mvua.

Alhamisi, tarehe 2

Mvua.

Jumatatu, tarehe 6

Binti amekuja, kitambaa cha msiba kichwani. Safari hii hakukaa ukingoni. Alikaa kitini hasa.

"Ulipoondoka siku ile," akasema, "baba aliniita. Akasema, kaka yangu alikuwa sahihi, nimemwomba msamaha, amenipa. Usiku ule alilala bila kugeukageuka."

"Mungu amrehemu."

"Mimi niliiona ile filamu, baba mkubwa. Wiki ile ya kwanza, kabla yako."

Nikatazama mikono yangu.

"Aliniuliza inaishaje. Nikamwambia sijaiona. Nilikuachia wewe. Nilitaka asikie kutoka kwako." Hakulia. "Hiyo miaka thelathini na moja ni yangu mimi pia. Darasani niliitwa binti Mzushi. Nimefundisha miaka kumi na mbili, wazazi wa watoto bado wananiita hivyo nikigeuka."

"Nilimhurumia," nikasema.

"Inawezekana." Alifikiri kweli, si kwa kunikebehi. "Alikufa mwepesi, siwezi kukataa. Sijui nikushukuru au nikuchukie, na sina nguvu ya kuamua sasa hivi. Lakini mimi usiniombe radhi. Kawaambie wao."

"Nani?"

"Wale waliocheka."

Jumanne, tarehe 7

Wengi waliocheka wamekwisha kufa.

Jumatano, tarehe 8

Waliobaki wananyoa kwa kinyozi.

Jumatatu, tarehe 13

Mvua imepungua, matone tu. Nimekwenda kwa kinyozi saa nne, wakati watu wamejaa. Walinipisha kiti wanachompa mfiwa, kile cha karibu na dirisha. Sikukaa.

Nikasema, "Nina neno." Wakadhani ni shukrani za mazishi, wakainamisha vichwa. Nikawaambia yote. Saa, vijiti, kopo la nne, kopo la sita. Nikawaambia mdogo wangu alisema kweli na mimi nikampiga kofi kwa ajili ya ukweli wake. Sauti yangu haikutetemeka, hilo mniandikie.

Fundi simu alikuwa anachezea kisanduku cha viberiti. Kinyozi akaweka mkasi na kitana mezani.

"Tulijua, mzee," akasema.

"Mlijua lini?"

"Mimi nilijua pale kwenye vile viti vya kulala. Hawa walijua siku ya simu. Na baba yangu mimi alijua zamani sana, alikwenda kutibiwa mji mwingine akaiona. Alikuwa anasema, mwacheni Mashine, yake ni nzuri zaidi."

"Na hamkusema."

"Ungetupiga makofi," akasema mmoja, na wengine wakacheka kidogo, kicheko cha kunipoza.

"Kama mlijua, mbona mliendelea kumwita Mzushi?"

Walitazamana. Nadhani hawakuwahi kuulizwa. Kinyozi akasema, "Lile lilishakuwa jina tu, mzee. Wewe mwenyewe unaitwa Mashine, na mashine huna."

Jumanne, tarehe 14

Nimempigia simu binti. Nikamwambia, "Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Walikuwa wanajua. Wote. Wengine tangu zamani."

Nilisikia watoto wa darasa lake wakiimba nyuma, kisha mlango ukafungwa na kelele zikaisha.

"Kwa hiyo mji mzima ulijua," akasema, "na wewe ukajua, na mimi nikajua. Ni baba peke yake aliyekufa hajui."

"Yeye ndiye aliyejua wa kwanza," nikasema.

"Ndiyo. Ukamtoa kati ya wanaojua."

Akakata. Nilibaki na simu sikioni mpaka mkwe wangu akapita na ndoo, akaniuliza ninaongea na nani.